Chonge Iliyojificha na Picha ya Pili Tuliyoikataa

Katika kabati letu, chini ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto, imo bahasha ya kaki ambayo hatumruhusu mtu kuitupa. Ndani yake mna picha za eksirei za kinywa cha binti yetu mkubwa. Iliyo kongwe kuliko zote ni kipande cha filamu kisichofikia ukubwa wa kisanduku cha kibiriti, na katikati ya weusi na weupe wake limo jino lililolala mshazari juu ya mizizi ya meno mengine, kama msafiri aliyepitiwa na usingizi njiani. Miaka mitatu iliyopita tuliitazama filamu hiyo, sisi tuliomzaa, tukaridhika kwamba tumeona kila kilichohitaji kuonekana. Kuridhika huko kulimpatia mtoto jeraha lisilo na faida yoyote, na ndiyo sababu tumeona tuliandike jambo hili katika ukurasa ambao wazazi wenzetu huusoma.

Aliyegundua mwanzo ni bibi yake. Nyumbani kwetu mtoto anapong'oka jino hulirusha juu ya paa, na Bibi huweka hesabu ya meno ya wajukuu wake kama awekavyo hesabu ya kuku. Siku moja alimwita binti yetu, wakati huo ana miaka 13, akamshika kidevu na kumwelekeza kwenye mwanga wa mlango. "Mjukuu wangu, chonge ya kushoto uliniletea zamani. Hii ya kulia mbona hujaniletea?" Tukacheka. Chonge ya utotoni ilikuwa bado imekaa mahali pake, ndogo na imara, pembeni mwa meno makubwa yaliyokwisha kubadilika. Tulisema itang'oka kwa wakati wake. Hatukujua kuwa wakati wake ulikuwa umekwisha kupita.

Chonge ya juu huanza maisha yake mbali kuliko jino lolote la mbele. Huumbika juu kabisa ndani ya taya, jirani na pua, na kutoka huko hushuka kwa miaka mingi ikijiegemeza kwenye mzizi wa jino la mbele la pembeni, kama mtu ashukaye mlima akijishikiza kwenye mwamba, hata itokeze mtoto akiwa na miaka 11 au 12. Safari ya namna hiyo haikosi wanaopotea. Katika kila watu 100, takribani wawili chonge zao za juu hukwama ndani ya taya, wasichana wakiwa wengi kuliko wavulana, na nyingi ya zinazokwama hukengeukia upande wa kaakaa. Mzazi anaweza kuitafuta kwa kidole tu. Mtoto afikishapo miaka 9 au 10, juu ya chonge ya utotoni, upande wa midomo, aghalabu hupapasika kivimbe kigumu cha jino linalokuja. Kikiwapo upande mmoja na upande wa pili hakuna, hapo pana la kuuliza. Jambo jepesi kama kupima homa kwa kiganja, nasi hatukuwahi kulifanya.

Tulimpeleka katika kituo kimoja cha matibabu mjini kwetu Tanga, ambacho hatutakitaja. Mlangoni mwa chumba cha eksirei palikuwa na tangazo likimtaka mwanamke yeyote mwenye mimba amwarifu mhudumu kabla ya kuingia. Mmoja wetu alikuwa na mimba ya miezi saba. Alitakiwa kwa adabu akae nje, kwenye benchi la mwisho wa korido, na mlango mzito ukafungwa baina yake na mwanawe. Tunalieleza hili si kwa kujitetea, bali kwa kuwa lililofuata lilitokana na benchi lile. Mtu aliyeambiwa asisogelee chumba hawezi kuona kuwa ni jambo dogo mtoto wake kubaki humo.

Daktari, kijana mwenye upole, aliishika filamu mbele ya taa. "Jino nimeliona," alisema. "Lakini ningependa nipate picha ya pili, mashine ikiwa imesogezwa pembeni kidogo."

"Daktari, hiyo moja si imekwisha kulionesha? Kwa nini mtoto apigwe mionzi mara mbili?"

"Ni kidogo sana, mama."

"Hata kidogo kikirudiwa huongezeka."

Akatutazama mmoja baada ya mwingine, akitaraji labda mmoja wetu angemuunga mkono. Hakupata. Akairudisha filamu katika kifuko chake na kusema kuwa basi, atajitahidi kwa hiyo hiyo.

Wiki mbili baadaye alimtia ganzi, akaufungua ufizi upande wa midomo na kuondoa mfupa kidogo pale filamu ilipoonesha pana jino. Hakulikuta. Alikuta mfupa, na nyuma ya mfupa akaona mzizi wa jino la mbele la pembeni. Hapo akasimama, na kwa kusimama huko tunamshukuru hadi leo. Alishona nyuzi nne. Jioni ile mdomo wa juu wa binti yetu ulikuwa umevimba hata akawa hatambuliki, na kwa siku sita chakula chake kilikuwa uji na maji ya matunda.

Kwa wengine siku sita si kitu. Kwake zilikuwa siku za mashindano ya kuhifadhi Qur'ani katika madrasa yao, ambayo alikuwa amejitayarisha kwayo tangu mfungo mosi. Wasomaji wa ukurasa huu wanajua kwamba thaa, dhali na dhaa hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusana na ncha za meno ya mbele ya juu. Mwenye mdomo uliovimba na nyuzi ufizini hazifikii herufi hizo ipasavyo. Ustadhi wake alimsikiliza aya tatu, akamwambia, "Mwanangu, nenda ukapumzike." Aliporudi nyumbani hakulia. Aliketi uani akiwa amejifunika nusu ya uso kwa mtandio, na tangu siku ile mtandio huo ukawa haumtoki mdomoni, hata anapocheka.

Tumelizungumza suala la lawama mara nyingi usiku, watoto wakiwa wamelala. Daktari aliyekata kwa picha moja alikosea. Sisi tuliomnyima ya pili tulikosea kabla yake. Hatukuweza kuifikisha hukumu mbali zaidi ya hapo, wala hatukuona fahari ya kwenda kumshitaki mtu kwa upungufu tuliomtengenezea wenyewe.

Miezi mitano ikapita. Kichanga kikazaliwa salama. Ndipo tukamsikia binti yetu akilalamika kuwa jino la mbele la pembeni, jirani wa ile chonge, limeanza kutikisika. Alilisukuma kwa ulimi, nasi tukaliona likicheza. Tukapanda basi kwenda Dar es Salaam, kwa daktari bingwa wa meno tuliyeelekezwa na jamaa.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache. Binti yetu alimpa shikamoo kutoka nyuma ya mtandio, naye akaipokea kana kwamba mtandio haupo. Tulimpa ile filamu. Aliitazama kwa muda mfupi sana, akaiweka mezani.

"Hii mlipewa ngapi?"

"Moja."

"Na aliyekata alikata wapi?"

Tukamwonesha kovu. Hakumsema vibaya mwenzake. Aliuliza tu kama aliomba picha nyingine, nasi tukasema ukweli. Akatikisa kichwa taratibu, akavuta kiti.

Tuliyofundishwa katika chumba kile kwa muda wa nusu saa tungependa yamfikie kila mzazi kabla hajaketi kwenye benchi la korido yoyote. Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba eksirei ni dirisha, kwamba mtu huchungulia ndani ya taya akaona vilivyomo kama avionavyo vyombo katika kabati la kioo. Eksirei ya kawaida ni kivuli. Mionzi hutoka katika mashine, hupenya shavu, ufizi, mfupa na meno, kisha huiangukia filamu iliyowekwa ndani ya kinywa. Palipo pagumu mionzi michache hupita, na hapo filamu hubaki nyeupe. Palipo laini hupita mingi, pakawa peusi. Kivuli kina urefu na upana, lakini hakina kina. Watu wawili wakisimama jua likiwa nyuma yao, mmoja mbele ya mwingine, ukutani utaona kivuli kimoja, na kivuli hicho hakikwambii ni nani aliye karibu na ukuta. Filamu yetu ilisema kweli: palikuwa na jino juu ya mzizi. Haikusema kama lilikuwa mbele ya mzizi huo, upande wa midomo, au nyuma yake, upande wa kaakaa. Hilo hatukuiuliza, na ingawa tungeiuliza, haikuwa na uwezo wa kujibu.

Hata urefu wa kivuli hauaminiki bila kujua mwanga umetoka wapi. Sisi tuliolelewa kwa kupima kivuli cha kijiti ili kujua alasiri imeingia tunalifahamu hili tangu utotoni. Kijiti ni kile kile. Jua likiwa utosini kivuli hujikunja miguuni pake, na likishuka hurefuka hadi kikapita urefu wa kijiti chenyewe. Mashine ya eksirei nayo ni jua dogo. Ikiinamishwa kupita kiasi jino huonekana fupi na nene; ikilazwa mno jino hurefuka kama kivuli cha jioni. Antoni Cieszyński, daktari wa meno wa Poland, aliieleza kanuni ya jambo hilo mwaka 1907: ikiwa jino na filamu haviwezi kusimama sambamba, basi igawe katikati pembe iliyo baina yake, na mionzi iuelekee mstari huo wa katikati kwa pembe mraba, nawe utapata kivuli chenye urefu sawa na jino. Siku hizi, panapowezekana, hutumika kishikizi chenye pete ambacho huiweka filamu sambamba na jino na kuielekeza mashine, mkono wa mtu usibahatishe. Daktari alituonesha kwenye filamu yetu ya zamani jinsi meno yalivyokuwa marefu kuliko kawaida. "Hiki ni kivuli cha alasiri," alisema, "na mimi sijui aliyepiga alisimama wapi. Nitaanza upya."

Kisha akamgeukia binti yetu. "Mmetoka Tanga leo? Basi mmepita Muheza. Ulikaa dirishani?"

"Ndiyo."

"Mikonge iliyo kando ya barabara, basi likienda, ilikuwa inaelekea wapi?"

"Nyuma."

"Na milima ya Usambara?"

Alifikiri kidogo. "Ilikuwa kama inakuja na sisi."

"Basi jino lako ama ni mkonge, ama ni mlima. Mashine nitaipeleka kule magegoni. Kivuli chake kikirudi mbele, jino ni mkonge. Liko karibu na mashine, upande wa midomo. Kikifuatana na mashine, ni mlima. Liko mbali, upande wa kaakaa."

Kanuni hiyo ilichapishwa London mwaka 1910 na mtu aitwaye Clark, nayo imedumu zaidi ya karne moja bila kuhitaji kifaa kingine chochote zaidi ya picha ya pili. Unaweza kuijaribu nyumbani. Simamisha vidole viwili mbele ya uso, kimoja nyuma ya kingine, fumba jicho moja, kisha peleka kichwa kulia. Kidole cha mbali kitaonekana kukifuata kichwa, cha karibu kitakimbilia kushoto. Watoto wetu walishinda wiki nzima wakifanya hivyo kwa vikombe na birika, hata wageni wakadhani wana maradhi ya macho.

Alipiga picha mbili ndogo, ya kwanza mashine ikikabili meno ya mbele, ya pili ikiwa imesogea nyuma kuelekea magego. Zilitokea kwenye skrini, akazipanga ubavu kwa ubavu. Katika ya kwanza, kichwa cha chonge kilikuwa kimekaa juu ya mzizi wa jino la pembeni, kama kilivyokuwa katika ile filamu yetu. Katika ya pili kilikuwa kimeondoka juu ya mzizi ule na kusogea upande wa magego, karibu nusu ya upana wa jino. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Binti yetu ndiye aliyetangulia kusema, mtandio ukiwa umemshuka hadi kidevuni bila yeye kujua: "Ni mlima."

Jeraha lake la kwanza lilikuwa upande wa mkonge.

Ipo njia nyingine inayofanana na hiyo, ambayo mashine husogezwa kwenda juu badala ya pembeni: hulinganishwa ile picha pana ya taya zote, ambayo hupigwa mashine ikikuzunguka kichwa, na picha ya filamu iliyong'atwa katikati ya meno huku mionzi ikishuka kutoka juu. Chonge ikionekana imepanda katika hii ya pili ukilinganisha na mizizi iliyo jirani, imeifuata mashine, na hivyo iko kaakaani. Hiyo picha pana ni kazi iliyoendelezwa hasa na Yrjö Paatero wa Finland katika miaka ya 1940 na 1950, nayo wengi wetu tumewahi kuipiga pasipo kujua jina lake. Ina faida kubwa ya kuonesha meno yote kwa mara moja, lakini peke yake inabaki kivuli kimoja.

Tulimuuliza kuhusu mionzi, maana hofu ile haikuwa imetutoka. Hatukudharauliwa, na kwa hilo tunamheshimu. Alisema hofu ya mionzi ina historia ya kweli, na waliotutangulia waliilipia. Wilhelm Röntgen aliigundua Novemba 1895 huko Würzburg, Ujerumani. Haikupita hata miezi mitatu, Januari 1896, Otto Walkhoff wa Braunschweig akajipiga picha ya meno yake mwenyewe. Alilala na kipande cha kioo kinywani kwa dakika 25. Huko New Orleans, Marekani, daktari wa meno Edmund Kells aliipokea elimu hiyo mapema kuliko wengi, akawa anaujaribu mkono wake mbele ya mashine ili kuirekebisha kabla ya kumpiga mgonjwa. Saratani ilimla vidole, kisha mkono, na alikatwa mara nyingi kabla ya kufa mwaka 1928. Ndiyo maana leo mhudumu haishiki filamu kinywani mwa mgonjwa, na ndiyo maana hutoka nje au husimama nyuma ya ukuta: yeye hupiga picha nyingi kila siku, mwaka hadi mwaka, ilhali mgonjwa hupiga chache.

Lakini dakika 25 za Walkhoff leo ni sehemu ndogo ya sekunde moja. Sote, tukiwa tumeketi majumbani mwetu, hupata mionzi kutoka ardhini, angani na hata katika chakula. Kwa wastani wa dunia ni kiasi cha milisiveti 2.4 kwa mwaka. Picha moja ndogo ya jino, ikipigwa kwa vifaa vizuri, humwongezea mtu kiasi anachokipata kwa asili katika siku moja hivi, au pungufu. Hicho ndicho tulichomkatalia daktari kijana. Daktari hakutuambia kuwa hakina madhara hata chembe. Alisema picha isiyo na swali haifai kupigwa hata ikiwa ndogo, na yenye swali haifai kukosekana. Neno hilo tulilichukua. Hatukuuliza tena "ni ngapi", tukawa tunauliza "hii ni ya kujibu nini."

Tulipata nafasi ya kuliuliza mapema kuliko tulivyotaka, kwa kuwa alitaka picha ya tatu. Hii ilikuwa ya mashine inayozunguka kichwa ikitoa mionzi kwa umbo la pia, kisha kompyuta ikalijenga taya kwa pande zake zote tatu. Mashine za aina hiyo zilitokea Italia na Japani mwishoni mwa miaka ya 1990, nazo mionzi yake yaweza kuwa mara nyingi zaidi ya picha ndogo, kutegemea ukubwa wa eneo linalopigwa. "Ya kujibu nini, daktari?" Akasema upande tumekwisha kuujua, asichokijua ni kama chonge imeugusa mzizi wa jino linalotikisika, na kwa kiasi gani. Picha mbili hazikuweza kumwambia. Akaomba lipigwe eneo dogo tu la taya la juu.

Tulilitazama taya la mtoto wetu likikatwa kwenye skrini vipande vyembamba kama mkate, kimoja baada ya kingine, na katika kipande kimoja akasimama. Mzizi wa jino la pembeni ulikuwa na kijipengo ubavuni, kama muwa uliotafunwa. Chonge ilikuwa imelala kaakaani na kichwa chake kimeuegemea, na kwa kuegemea huko ilikuwa ikiula polepole. Kuna ukimya unaowapata wazazi mbele ya skrini ya namna ile ambao hatuna maneno yake. Miezi mitano. Mzizi ule ulikuwaje tulipokuwa tukibishana kuhusu picha ya pili? Tulimuuliza. Alisema hawezi kujua, wala sisi hatutajua.

Tukamuuliza pia kama palikuwa na wakati ambapo haya yote yangeepukika, naye akajibu bila kutupamba. Mwaka 1988 mabingwa wawili wa Sweden, Ericson na Kurol, walichapisha habari za watoto wa miaka 10 hadi 13 ambao chonge zao zilikuwa zinakengeukia kaakaani. Walichofanya ni kung'oa chonge ya utotoni tu, basi. Kati ya chonge 46, 36 zilirudi katika njia yake zenyewe. Jino ambalo Bibi alikuwa akilidai, yaani.

Upasuaji wa pili ulifanywa upande wa kaakaa. Ufizi ulifunguliwa, na chini ya mfupa mwembamba chonge ikaonekana mara moja, nyeupe, mahali pale pale picha zilipoielekeza. Walibandika juu yake kitufe kidogo chenye mnyororo mwembamba kama wa kidani, wakaufunga mnyororo huo kwenye waya za meno, na kuanzia hapo kila wiki kadhaa tulisafiri ili uvutwe kidogo, kwanza kuitenga chonge na ule mzizi, kisha kuiteremsha. Tuliyaacha mambo mengine kwa sababu ya nauli hizo. Mtaalamu wa waya alitutahadharisha kuwa jino la pembeni lingeweza kupotea licha ya yote. Halikupotea. Limebaki na mzizi mfupi, nalo litahitaji kuangaliwa maisha yake yote.

Chonge ya utotoni iling'olewa siku ile ile ya upasuaji. Binti yetu, mwenye miaka 14 na aibu zake, aliileta nyumbani katika kipande cha pamba na kumkabidhi bibi yake bila kusema neno. Bibi akatoka nayo uani mwenyewe, kwa kuwa mjukuu alikataa kurusha, akairusha juu ya bati. Iliteleza, ikaanguka. Akairusha tena.

Leo ana miaka 16. Waya zinatarajiwa kutolewa baada ya Idi, inshaallah, na mwaka jana alisoma katika mashindano yale, juzuu tano, akashika nafasi ya tatu. Mtandio umerudi kichwani.

Mdogo wake anayemfuata amefikisha miaka 9. Jumamosi iliyopita tulinawa mikono, tukamketisha kwenye mwanga wa mlango, na kila mmoja wetu akampapasa kwa zamu, bila kuambizana alichokipata hadi wote tumalize. Upande wa kulia kivimbe kipo, sote tunakubaliana. Upande wa kushoto mmoja anasema kipo, mwingine hana hakika. Tumekata tiketi za Alhamisi.